Vile nilifanya vijana wa gemu wasikimbie tena

Hapa Busia, upande wa Uganda, tuko na kikundi cha kucheza Battle for Wesnoth, ile gemu ya vita ya bure ambayo David White aliianzisha mwaka 2003. Tunaipenda juu mashine zetu ni za kizamani na inachezwa zamu kwa zamu, bando ikizubaa hupotezi kitu, na siku intaneti imelala tunaunganisha kompyuta kwa ruta moja maisha yanaendelea.

Shida ilikuwa watu kupotea. Kuna kaka mmoja kila mara anachukua jeshi la Undead, yaani wafu waliofufuka, anajaza askari wa mifupa uwanja mzima, na wageni nao wanapenda jeshi la Rebels juu wale elfi, watu wa msituni wa kwenye hadithi, wanapendeza macho, basi wanapigwa, wanapigwa tena, wiki inayofuata huwaoni. Walikuwa wanalalamika ati ni bahati, kompyuta inampenda huyo.

Bahati wapi bana. Elfi wa kawaida, Elvish Fighter, kila pigo la upanga wake linaumiza 5, lakini mifupa inakata asilimia 40 ya nguvu ya upanga, kwa hiyo inaingia 3 tu, na mshale wake wa 3 ndio aibu kabisa, unatoa 1. Sasa mtu umepiga zamu nzima adui hata hajatikisika, utarudi kufanya nini? Mi naona si kupigwa ndio kunafukuza watu, mtu anapigwa na bado anacheka, kinachomfukuza ni kukaa pale haoni hata mlango wa kutokea.

Kwanza nilijaribu dhahabu, ile ya kununulia askari. Anayehosti anaweza kumpangia kila mchezaji dhahabu yake ya kuanzia, kawaida ni 100, nikawapa wageni 150. Walishinda, ndiyo, lakini furaha haikuwepo, kila mtu anajua ni ushindi wa kupewa, na huyo kaka naye akaanza kununa ati tunamwadhibu kwa kujua kucheza (hapo alikuwa na haki kidogo).

Kilichosaidia ni mambo mawili. La kwanza, kabla ya kushambulia lazima ufungue ile hesabu ya pigo, gemu yenyewe inakuonyesha utapiga ngapi na nafasi ya kubaki hai. Hapo ndio walianza kuona wenyewe kwamba Rebels haohao wako na Mage, yaani mchawi, moto wake mifupa inauogopa na uchawi wake una nafasi ya asilimia 70 ya kumpata adui hata adui akijificha wapi, halafu kuna Wose, ule mti unaotembea, anaponda 13 na kwa mifupa inakuwa 16 wakati wa machweo. Mchana ni zaidi, juu Wose anaongezewa asilimia 25 mchana na mifupa inapunguziwa hiyohiyo, usiku mambo yanageuka. Kijana mmoja aligundua hiyo peke yake, akarudi nyuma usiku kucha analinda vijiji, jua likatoka akavamia, kelele aliyopiga mwenye duka akaja kuangalia kama tunapigana.

La pili ni kubadilishana. Mnacheza mara mbili ramani ileile, mara ya pili unachukua jeshi la mwenzako. Unasema Undead ni ya dezo? Haya chukua. Wakachukua, wakakuta wale Dark Adept, wachawi wa Undead, wanapiga vikali lakini ukiwakaribia hawarudishi hata kofi, wanakufa kama kuku. Mabishano ya balansi, ati jeshi gani lina nguvu kuliko lingine, yalipungua nusu hapohapo, na kaka mwenyewe akianza na Rebels anafikiria sana, hacheki ovyo.

Dhahabu bado naongeza kwa mgeni kabisa siku ya kwanza, baadaye natoa. Kitu sijaweza bado ni mechi ya watu watatu kila mtu na lake, wawili wanaungana mapema, yule wa tatu anabaki anachezea simu na kuuliza rolex, ile chapati ya mayai, inaletwa saa ngapi.