Mkono wa mpiga solo: kupiga filamu ya mwanamuziki mgonjwa hapa Nairobi

Filamu ndogo kuhusu mwanamuziki mgonjwa huharibika mapema, na huharibikia mkononi. Mwigizaji anatetemeka tangu onyesho la kwanza, kisha akishika gitaa anatetemeka maradufu. Kama mhusika wako ni mpiga solo (gitaa la kuongoza) wa benga aliyepatwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, hapo umeupindua ugonjwa wenyewe.

Mtetemeko wa Parkinson huja hasa mkono ukiwa umepumzika. Huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mara nyingi gumba husuguana na kidole cha shahada kama mtu anayeviringa tonge dogo la ugali. Mkono ukipewa kazi, mtetemeko hupungua, pengine hutulia kabisa. Basi mpige picha akiwa ameketi kwenye matatu, mkono juu ya paja, kidole kikicheza peke yake, abiria wa kando akiutazama na kudhani mzee amelewa. Akifika jukwaani na kugusa nyuzi, mkono utulie. Mtazamaji atashusha pumzi, na hapo ndipo muziki uanze kumsaliti.

Kinachomnyang'anya gitaa ni wepesi. Mwambie mgonjwa akutanishe na kuachanisha gumba na shahada haraka haraka: mara ya kwanza vidole vinaachana vizuri, mara ya tano kidogo, mara ya kumi karibu visiachane. Solo la benga ni noti za kasi zinazojirudia, kwa hiyo ugonjwa husikika humo kabla ya kuonekana kwingine. Kipande kinaanza kwa nguvu, kinafifia kabla ya kufika mwisho, mpigaji anapumua, nguvu inarudi, kisha inafifia tena. Hakosei noti hata moja, ila zinazidi kuwa ndogo. Watu ukumbini watamgeukia fundi wa mitambo wakidhani ameshusha sauti.

Ndiyo maana muziki urekodiwe kabla ya kamera kutoka kwenye begi. Weka ngoma, besi na gitaa la ridhimu mara moja tu, kwa mapigo ya metronomu yasiyobadilika. Juu yake rekodi solo mara 3: mzima, mwaka wa kwanza wa ugonjwa, na usiku wa mwisho jukwaani. Maikrofoni moja mbele ya amplifaya, waya mwingine moja kwa moja kutoka kwenye gitaa, kinasa sauti kikiwekwa 48 kHz, biti 24. Usimwombe mpigaji apige vibaya. Fundi akiombwa kukosea hukosea kwa ustadi, na uongo wake unasikika. Mwombe apunguze ukubwa wa kila pigo kadiri kipande kinavyosonga, huku akipigania kubaki ndani ya mapigo.

Amua pia ni mkono upi, kwa sababu ugonjwa huanza upande mmoja, na hata ukienea, upande huo huelekea kubaki mbaya zaidi. Ukiwa wa kulia, midonoo inalegea. Ukiwa wa kushoto, vidole havibani nyuzi sawasawa na noti zinakwaruza au kuziba. Ni milio miwili tofauti kabisa, na mwandishi wa hadithi asipochagua, fundi wa sauti atachagua kwa niaba yake.

Kisha kuna dawa. Levodopa humrudishia mgonjwa mwili wake kwa saa chache, halafu inaisha nguvu. Baada ya miaka ya kuitumia, vipindi hivyo huweza kufupika, na mwili ukaanza kuyumbayumba bila kutaka dawa inapokuwa kileleni. Mlo wenye protini nyingi huweza kuizuia isifyonzwe vizuri. Mpiga gitaa anayekula nyama choma na kumeza kidonge hapo hapo, saa moja kabla ya kupanda jukwaani, tayari ana tatizo bila adui yeyote kutokea. Kwa kuwa maonyesho hayapigwi kwa mfuatano, mtunza mwendelezo awe na daftari lenye mwezi wa ugonjwa, saa zilizopita tangu kidonge na hali ya kila mkono. Bila daftari hilo, Jumanne mhusika atakuwa mgonjwa kuliko Ijumaa inayokuja baada yake kwenye hadithi.

Onyesho moja lisikose. Wagonjwa wengine miguu huganda, hasa mlangoni au penye njia nyembamba, na mdundo wa nje huweza kuwafungua. Mweke kwenye korido ya nyuma ya ukumbi, miguu imegoma, na mpiga ngoma wake wa miaka mingi aanze kugonga fremu ya mlango kwa vidole. Mzee anavuka kizingiti kwa mapigo hayo. Usiongeze maneno wala muziki.

Sauti ya kuongea nayo hushuka na kuwa ya toni moja. Hapo Nairobi inakuadhibu. Mtu anayenong'ona karibu na River Road hasikiki mbele ya honi za matatu, na ukiipandisha sauti yake baadaye, honi zinapanda nayo. Tafuta chumba cha nyuma, tundika mablanketi mazito, weka maikrofoni ndogo kifuani sentimita 15 hivi chini ya kidevu, na uzime kipimo cha sauti cha kamera kinachojipandisha chenyewe. Zima friji, kisha weka funguo za gari ndani yake ili msiondoke mkaisahau. Paa la mabati likinyeshewa, mazungumzo yamekwisha kwa siku hiyo, kwa hiyo epuka Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti mawingu huwa mengi, na mwanga hubaki wa namna moja kwa saa nyingi.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ukumbi zitapepesa kwenye picha.

Leseni ya kupiga filamu hutolewa na Kenya Film Classification Board. Kuhusu nyimbo, kibali cha kupiga muziki hadharani hakikupi haki ya kuuweka kwenye filamu: unahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Hapa Kenya utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hata benga ya miaka ya 1970 huenda bado ina mwenyewe. Kwa bajeti ndogo, lipia wimbo mpya na muandikiane mkataba kabla ya kurekodi.

Siku ya mwisho ukumbini, msikimbilie kuchomoa nyaya. Acheni gitaa limechomekwa, mtu yeyote asiliguse, na mrekodi sekunde 60 za mvumo wa amplifaya. Mhariri atauhitaji pale mkono utakapokuwa juu ya nyuzi na usishuke.