Nafasi ya nne

Bermuda walipokuja kucheza kriketi Mombasa, Novemba 2006, Iddi ilikuwa imepita wiki chache tu na ami yangu alikuwa akifunga sita za Shawwal. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoleta nusu ya hasira zake siku ile. Nusu ya pili ilitokana na kunyang'anywa kitabu cha alama.

Ami alikuwa karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, na kwa miaka mingi ndiye aliyeandika alama za mechi za kriketi pale Mombasa Sports Club, Barabara ya Mnazi Mmoja (Mnazi Mmoja yetu, si ya Dar wala ya Unguja). Klabu ile ni ya tangu 1896 na ami alijiona kama alikuwepo siku ya kufunguliwa. Lakini hii sasa ilikuwa mechi ya kimataifa ya siku moja, ova 50 kila upande (ova ni mipira sita), Kenya dhidi ya taifa zima, rekodi za kubaki duniani. Walioshika kitabu rasmi walikuja na barua zao mkononi. Ami akapewa ubao wa matokeo. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, nikapewa ngazi.

Ubao wenyewe ulikuwa wa misumari na vipande vya bati vilivyopakwa rangi nyeusi, nambari zimeandikwa kwa nyeupe. Ilipofika saa nne asubuhi bati lilikuwa halishikiki, ikabidi nilishike kwa kitambaa. Sita na tisa zilikuwa bati moja. Ukiligeuza tu unapata unayoitaka, na ukiligeuza vibaya uwanja mzima unakupigia mbinja. Sufuri hazikutosha. Timu ikifika mikimbio 100 ilinilazimu kuiba sufuri kutoka kwenye safu ya wiketi, yaani wapigaji waliotolewa, na ami, aliyejua kwamba nitaiba, alikuwa akingoja kunikaripia.

Hakukubali kukaa bure. Alikuja na daftari la shule, akalichora mistari kwa rula usiku wa kuamkia mechi, akawa anaandika mechi yake mwenyewe, mpira kwa mpira, pembeni ya ubao. Mimi nikila viazi karai na kachiri za muhogo, yeye midomo imekauka kwa saumu, akinitazama jicho la kuchoma.

Kabla ya mechi kuanza alinionyesha watu wawili waliosimama pembezoni mwa uwanja, wanacheka. "Wale wawatambua?" Sikuwatambua. Mmoja alikuwa Roger Harper wa Guyana, kocha wa Kenya. Wa pili alikuwa Gus Logie wa Trinidad, kocha wa Bermuda. Wote wawili waliwahi kuchezea West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, miaka ya themanini ilipokuwa haishikiki, na wote wawili walisifika kwa kudaka na kuzuia mipira kuliko kitu kingine. Ami alisema kwa sauti ya mtu aliyeridhika kwamba leo Karibi inacheza na Karibi, na sisi wengine ni watazamaji. Nilidhani ni maneno ya njaa.

Mgeni wetu alifika mechi ikiwa imeshika kasi. Alikuwa mzee wa makamo, mweusi, amevaa kofia ya rangi mbili, buluu iliyoiva na buluu ya mbingu, na mmoja wa wenzangu alimsalimia kwa Kiswahili akidhani ni mtu wa Lamu. Alikuwa Mbermuda aliyeifuata timu yake kwa nauli yake mwenyewe. Aliomba akae kwenye kivuli cha ubao. Ami akamsogezea kreti ya soda, wakaanza kuzungumza kwa Kiingereza, cha ami kikiwa kile cha bandarini, kilichojaa majina ya meli.

Swali la kwanza la ami lilikuwa idadi ya watu. Mzee akajibu, elfu sitini na kitu. Ami akanigeukia: "Umesikia? Hawatoshi Kisauni!" Kisha eneo. Kilomita za mraba kama 53, visiwa vidogo vilivyoungwa kwa madaraja, katikati ya Atlantiki, hakuna mto hata mmoja. Maji ya kunywa wanayakinga mvua ikinyesha juu ya mapaa yao meupe. Hilo la maji lilinigusa zaidi ya kriketi, maana nyumbani kwetu Kibokoni mifereji ilikuwa ikitoa upepo na tulinunua maji kwa mkokoteni.

Na kisiwa hicho, miezi minne mbele, kilikuwa kinakwenda Kombe la Dunia.

Ami hakuweza kujizuia. Alikuwa Nairobi mwaka 1994, Kenya ilipoandaa mashindano ya ICC Trophy, yale ambayo timu ndogo ziligombania tiketi za Kombe la Dunia. Akamkumbusha mgeni kwamba Kenya iliitoa Bermuda kwenye nusu fainali. Mzee akainua mkono kama anayezuia gari. Alikumbuka vizuri kuliko ami. Baada ya nusu fainali ile Bermuda walicheza na Uholanzi kugombea nafasi ya tatu, wakafungwa, na tiketi zilikuwa tatu tu. Wakarudi kwao wa nne, mikono mitupu, na Kombe la 1996 wakalitazama kwenye televisheni. Kabla ya hapo, 1982, walikuwa wamefika fainali kabisa ya mashindano hayohayo na kushindwa na Zimbabwe, tiketi ikiwa moja tu.

Halafu 2005, kule Ireland, wakamaliza tena wa nne. Safari hii Kombe la Dunia lilikuwa limepanuliwa hadi timu 16 na tiketi za kugombaniwa zilikuwa tano. Nafasi ya nne ya 1994 iliwarudisha nyumbani, nafasi ya nne ya 2005 ikawapeleka Karibi, kwenye Kombe la Dunia la 2007. Mzee alituambia jambo hilo bila aibu. Alisema watu kwao waliandika kwamba timu imepanda ngazi. Yeye aliona kwamba timu ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote na mlango ndio uliopanuliwa. Ami alilipenda neno hilo, akaliandika nyuma ya daftari.

Mambo hayakuishia mlangoni, lakini. Baada ya Ireland serikali yao iliahidi kriketi dola zipatazo milioni 11. Fikiria, dola milioni 11 kwa watu wasiotosha Kisauni. Wakamleta Logie, wakaanza kusafiri, na Mei 2006, kule Port of Spain, wakacheza mechi yao ya kwanza kabisa yenye hadhi ya kimataifa ya siku moja na kuifunga Kanada. Safari yao ya Mombasa ilikuwa sehemu ya mazoezi hayo, na kutoka hapa walikuwa wanaendelea hadi Afrika Kusini.

Mimi niliuliza swali la kitoto: huko kwenu nani anacheza, Wahindi? Kwa sababu Mombasa niliyoijua, kriketi ilikuwa ya Wahindi wenye viatu na sisi wa Mji wa Kale tuliocheza pekupeku kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa seloteipu, na wapita njia wengine kwenye matatu walidhani wale waliovaa nyeupe ni wahudumu wa hoteli. Mzee alicheka, kisha akanieleza Cup Match.

Alipolieleza hilo alisimama, na hata ami aliacha kuandika kwa mipira kadhaa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kila mwaka, mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, Alhamisi na Ijumaa, kisiwa kinafungwa. Benki, maduka, ofisi za serikali. Upande wa magharibi, Somerset, wanacheza na upande wa mashariki, St George's. Somerset rangi zao nyekundu na buluu iliyoiva. St George's ndizo hizo za kofia yake. Familia zinapiga mahema siku moja kabla, wengine wanacheza kamari ya mezani ambayo siku nyingine zote sheria inaikataza. Na asili yake ni uhuru wa watumwa, tarehe 1 Agosti 1834. Wajukuu wa watumwa hao, kwenye vyama vyao vya kusaidiana, walikuwa wakiiadhimisha siku hiyo kwa mandari na kriketi, na tangu 1902 mchezo ukawa wa kombe. Mtoto wa Bermuda, alisema, haanzi kuota Kombe la Dunia. Anaota kuitwa Cup Match.

Nilifikiria Kengeleni. Ng'ambo ya Nyali, palipokuwa Frere Town, makao waliyojengewa watumwa walioachwa huru mwaka 1875, kengele bado ipo na matatu zinapaita kwa jina lake. Kituo cha basi, basi. Hatuna siku, hatuna mechi, hatuna kofia ya rangi mbili. Sijui kama nililifikiria kwa ukamilifu huo nikiwa na miaka kumi na mitano. Huenda nimeliongezea baadaye. Ila najua nililitaja Kengeleni kwa mzee na akataka kulionyeshwa.

Mechi? Kenya ilishinda, kama ilivyoshinda zote tatu za mfululizo ule. Steve Tikolo alikuwa nahodha na Kenya ya wakati huo bado ilikuwa na harufu ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003. Bermuda walitupa wiketi kama watu wenye haraka ya chai. Kinachonikaa kichwani ni Dwayne Leverock. Mtu wa kilo zaidi ya 120, kwao alikuwa dereva wa gari la kubebea wafungwa. Alipopewa mpira uwanja uliangua kicheko, na kijana mmoja nyuma yetu akapiga kelele kwamba pichi itazama. Alipiga hatua chache tu, mkono wa kushoto ukapita karibu na sikio, mpira ukapanda juu polepole, ukakaa hewani kuliko unavyotarajia, na mpigaji aliyekuwa amekwisha kunyoosha mguu akabaki anaungoja. Akauzuia kwa taabu. Kicheko kikapungua. Ova yake ya pili hakuna aliyecheka, na mimi kwa mara ya kwanza mchana kutwa nilipata nafasi ya kukaa juu ya ngazi bila kubadilisha nambari.

Mwisho wa siku ami alilinganisha daftari lake na kitabu rasmi. Tofauti ilikuwa mkimbio mmoja. Wao walikuwa wameuandika mpira fulani kuwa umegusa gongo, ami akashikilia kwamba uligonga mguu na aliyestahili alama ni timu, si mpigaji, na kwamba katikati ya vurugu hiyo walihesabu mara mbili. Hawakumsikiliza. Alibishana nao mpaka jua likaanza kuzama, nikamvuta mkono, akafuturu kwa tende na maji pale pale chini ya ubao, na yule mzee wa Bermuda akamshikia chupa.

Usiku barazani mjadala ulihama. Ami aliwaambia wenzake kuhusu kisiwa chenye watu elfu sitini chenye timu ya taifa, na kwamba kisiwa chetu cha Mombasa peke yake kina zaidi ya laki. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, akamkata: Bermuda si nchi hata, ni koloni la Uingereza, na 1995 walipiga kura ya uhuru wakaukataa. Ami akanyamaza kidogo. "Basi koloni lina timu," akasema, "na sisi tulio huru tuna timu ya Nairobi." Hakukuwa na uongo mkubwa ndani yake. Kina Tikolo na kina Obuya ni watoto wa mitaa ya Nairobi, ndugu kwa ndugu, na kutoka Pwani timu ile ilipata wachache sana. Mwalimu alijibu kwamba Mombasa haijawahi kuwanyima watoto kriketi, imewanyima uwanja wa pili. Hapo wakaanza kutaja viwanja vilivyojengwa majumba, kimoja kimoja, nikalala kabla hawajamaliza.

Machi 2007 tulimwona Leverock tena, kwenye televisheni ya mkahawa karibu na Makadara. India walikuwa wamefungwa na Bangladesh na walihitaji ushindi mkubwa, kwa hivyo nusu ya mkahawa ilikuwa imekuja kuwaombea. Malachi Jones, kijana wa miaka 17, akarusha mpira wake wa kwanza katika Kombe la Dunia, Robin Uthappa akauchonga pembeni, na lile pande la mtu likaruka upande wa kulia, likadaka kwa mkono mmoja, kisha likakimbia uwanjani likibusu hewa. Ami alipanda juu ya kiti. Waliokuja kuiombea India nao walipiga makofi, hawakuweza kujizuia. Baada ya hapo India walipata 413 kwa wiketi 5, rekodi ya Kombe la Dunia wakati huo, na Bermuda wakatolewa kwa 156. David Hemp wao alibaki na 76 bila kutolewa. Siku chache kabla, Sri Lanka walikuwa wamewatoa kwa 78.

Aprili 2009, katika mashindano ya mchujo Afrika Kusini, Bermuda walipoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Kenya ilijiona salama na ikaipoteza yake 2014, huko New Zealand. Ami hakuiona ya 2014. Ile ya 2009 nilimsomea mimi kutoka kwenye simu, naye akauliza kitu kimoja tu: mwaka ule watacheza Somerset na St George's, au hawatacheza?

Walicheza. Alhamisi na Ijumaa, ofisi zimefungwa.