Siku yangu moja na mafuvu ya fisi maji

Saa mbili asubuhi nishaingia stoo, glavu mkononi, taa ya meza inawaka. Kazi yangu ni kupanga mafuvu ya wanyama kwenye makumbusho na leo zamu ni ya fisi maji, mnyama nnayempenda kuliko wote humu ndani, ila jina lake linanisumbua kila siku maana huyu si fisi hata kidogo. Kwenye kundi kubwa la wala nyama fisi yuko upande wa paka, fisi maji yuko upande wa mbwa, wameachana zamani mno.

Saa tatu natoa trei ya kwanza. Ukoo wao unaitwa Mustelidae, humo utamkuta nyegere, kicheche na minki, kimnyama chembamba kinachofugwa kwa ajili ya manyoya. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa wanyama majina ya Kilatini, alimwandika fisi maji wa Ulaya kama Mustela lutra, yaani alimweka jenasi moja (kikundi kidogo ndani ya ukoo) na vicheche, na hakukosea sana, vipimo vya DNA vya siku hizi vinaonyesha fisi maji wako karibu na minki kuliko walivyo na nyegere.

Saa nne ni fisi maji wa baharini, Enhydra lutris, na hapa huwa nakawia. Ukipitisha kidole kwenye magego yake unasikia mapana, ya mviringo, laini kama kokoto za ufukweni, hayana makali kabisa kwa sababu kazi yake ni kuponda magamba ya kome na kaa. Alafu hesabu meno ya mbele taya la chini, ni manne tu, wala nyama wa nchi kavu huwa ni sita! Meno 32 kwa jumla, wakati fisi maji wa mtoni, Lutra, ana 36.

Saa sita nikafungua boksi la zamani, lebo imeandikwa kwa wino "fisi maji mwenye madoa shingoni". Fuvu dogo linaenea kiganjani, ukubwa wenyewe unakubali kabisa, ila nilipoligeuza mkono ukasita. Ukoo wa fisi maji una gego moja tu la nyuma kila upande wa taya la juu, hili lina mawili. Nikachukua lenzi nikaangalia kile kibuyu cha mfupa kinachofunika sikio la kati, kwa fisi maji huwa bapa na ndani hakina ukuta, hiki kimetuna na kina mfereji unaokikata sehemu mbili, dalili ya ukuta ndani. Hii alama ya chini ya fuvu William Henry Flower, mtaalamu Mwingereza wa maumbile ya wanyama, aliitumia tangu 1869 kugawa wala nyama na mpaka leo inafanya kazi, mi naiamini kuliko manyoya, manyoya yanadanganya sana wanyama wakiishi maji mamoja.

Basi ni nguchiro wa majini, Atilax paludinosus. Na nguchiro ni jamaa wa karibu wa fisi wenyewe, kwa hiyo kwenye boksi zima la "fisi maji" huyu ndo pekee mwenye undugu wa karibu na fisi. Nilifurahi nikamwita mwenzangu aje aone na yeye akahesabu magego mara mbili.

Saa nane chakula, haraka haraka.

Saa tisa ni lebo. Lebo ya zamani haitupwi, naandika mpya yenye jina, tarehe na sababu, nazifunga zote kwa uzi mmoja, ili atakayekuja aone nani alifikiri nini na kwa nini. Hata skanki, wale wanyama wa Amerika wanaorusha harufu mbaya, waliishi miaka mingi kwenye ukoo huu wa Mustelidae mpaka 1997 DNA ikawatoa, wakapewa ukoo wao Mephitidae, na lebo zao za zamani bado tunazo.

Saa kumi na moja nimembeba nguchiro mpaka kabati la upande wa pili wa stoo, droo iliyo chini ya fisi. Kesho nyegere.