Tulianza na Shimo

Mjomba wangu alipohamia Uskoti kuishi nasi baada ya kustaafu uhasibu, hakuwa amewahi kushika fimbo ya gofu, na mchezo wenyewe aliujua kwa televisheni tu, ambako watu waliovaa glavu mkono mmoja hutembea polepole huku wakipigiwa makofi. Mimi nilikuwa nimeucheza kwa miaka sita, vibaya lakini kwa mapenzi, na kwa kuwa mwezi wa Juni jua la huku halizami hadi karibu saa nne za usiku, jioni zilikuwa ndefu na mzee hakuwa na la kufanya ndani ya nyumba. Nikajitolea kumfundisha.

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilimpeleka kwenye uwanja wa mazoezi nikampa draiva, fimbo iliyo ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopeleka kipira mbali na nilitaka aionje raha hiyo mapema. Kabla hajapiga mkwaju hata mmoja nilikuwa nimekwisha kumweleza habari za magoti, viwiko, kidevu, bega la kushoto, uzito wa mwili na mahali pa kutazama. Alikata hewa mara kadhaa mfululizo, kisha akakigusa kipira kwa ncha ya fimbo, kikabingirika hatua tatu pembeni. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mjomba, katika hayo yote uliyoyasema, nianze na lipi?" (Yeye huniita mjomba kama mimi ninavyomwita.) Sikuwa na jibu, tukarudi nyumbani.

Usiku ule niliyapanga upya mambo yote, nikaona kwamba nilimpa fimbo ngumu kuliko zote na maneno mengi kuliko yote kwa wakati mmoja. Ugumu wa draiva hautokani na urefu wake pekee. Uso wake umesimama karibu wima, nyuzi 10 hivi, ilhali uso wa fimbo namba 7 umelala karibu mara tatu ya huo. Uso uliolala hukipa kipira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, na mzunguko huo hukiwezesha kupaa na kwenda bila kupinda sana. Uso uliosimama hutoa mzunguko mdogo wa namna hiyo, kwa hiyo ukikaa kombo kidogo tu wakati wa kugonga, kipira huchora upinde mkubwa na kupotelea kwenye nyasi ndefu. Isitoshe, fimbo ndefu humweka mpigaji mbali na kipira, na mtu anayeanza bado hajui fimbo yake inaishia wapi.

Kwa hiyo siku ya pili tulianza na shimo. Nilimpeleka kwenye grini ya mazoezi, ile sehemu ya nyasi zilizokatwa fupi kama zulia, nikampa fimbo ya kusukumia na vipira vitatu, nikavipanga hatua moja tu kutoka shimoni. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na kipira chenyewe hakipungui milimita 42.67, hivyo nafasi ipo ya kutosha kwa mkono unaotetemeka. Nilimwambia jambo moja pekee: avisukume viingie. Vyote vitatu viliingia. Ule mlio wa kipira kinapoanguka ndani ya kikombe ulimfanya atabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze, na nikakumbuka kwamba mchezo wote huu, pamoja na mbwembwe zake za kupiga mbali, huishia kwenye mlio huo.

Tukasogea hatua mbili, kisha nne, kisha kumi. Hapo ndipo linapoanza somo la kweli la grini, kwa kuwa kutoka mbali tatizo si kulenga bali ni nguvu. Anayeanza hupiga kwa mkono, kwa kishindo kifupi, na kipira ama hufia njiani ama huvuka shimo na kutelemka upande wa pili. Nilimtaka abembeze fimbo kama kamba ya pembea, kurudi nyuma na kwenda mbele kwa mwendo uleule, akiongeza urefu wa mbembeo na si ukali wake. Tulifanya hivyo kwa jioni nne nzima. Jirani yangu mmoja, mchezaji wa miaka mingi, aliona tunapoteza wakati, lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu: katika viwanja vingi vya mashimo 18 idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari ni 72, na hesabu hiyo hukadiria misukumo miwili kwa kila grini, yaani 36, nusu ya mchezo mzima. Mjomba alipoisikia hesabu hiyo hakunung'unika tena kuhusu grini.

Kutoka hapo tulirudi nyuma kidogo kidogo. Kwanza pembezoni mwa grini, akitumia fimbo namba 8 kwa mbembeo uleule wa kusukuma, ili kipira kiruke kidogo juu ya nyasi ndefu kisha kibingirike. Halafu hatua thelathini, kwa nusu ya mzunguko wa mikono. Halafu mbali zaidi. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kila mkwaju mpya ni ule wa jana uliorefushwa, na mwanafunzi hajikuti hata siku moja mbele ya jambo asilolifahamu kabisa.

Ushikaji wa fimbo ulituchukua muda kuliko nilivyotarajia. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto hukaa juu na wa kulia chini yake, mikono ikigusana ili ifanye kazi kama mmoja, na fimbo hulala kwenye vidole wala si katikati ya kiganja. Wengine hufungamanisha kidole kidogo cha kulia na cha shahada cha kushoto, wengine hukilaza juu, na wengine huweka vidole vyote kumi juu ya mpini. Kwa mikono ya mzee yenye viungo vikavu nilichagua hivyo kumi bila kusita. Tatizo lilikuwa jembe. Mjomba alilima sana ujanani kabla ya kukaa ofisini, na kila alipochoka mikono yake iliachana, mmoja ukapanda juu ya mpini na mwingine ukashuka, kisha akaiinua fimbo juu ya kichwa na kuishusha kwa kishindo. Mabonge ya udongo yaliruka kuliko vipira.

Nilijaribu kumweleza kwamba fimbo ya gofu huzunguka mwili, haipandi na kushuka kama jembe, nikachora hewani, nikasimama nyuma yake, nikarudia. Haikusaidia. Jawabu alilipata yeye mwenyewe alipokaa kwenye benchi akipumzika, akasema kwa mshangao, "Kumbe huku ni kufyeka." Naam, ni kufyeka. Anayefyeka majani kwa fyekeo hupeleka mkono pembeni, hugeuza kiuno, huliachia fyekeo lipite chini karibu na ardhi bila kuichimba, na halisimamishi linapolifikia jani bali huliacha lipitilize. Katika maelezo yote niliyosoma na kusikia kuhusu gofu sijakutana na lililo sahihi zaidi kwa mtu aliyekulia kwenye kazi za mikono, na ninaona haya kidogo kwamba sikulifikiria mimi.

Tangu siku hiyo zoezi letu lilikuwa moja. Nilimtaka afyeke nyasi mara tano bila kipira, akisikiliza fimbo ikizipangusa mahali palepale, kisha nilikiweka kipira mahali hapo na kumtaka afyeke tena kana kwamba hakipo. Zoezi hilo linaponya ugonjwa wa kila anayeanza, nao ni kutaka kukiinua kipira. Mtu akikiona kimelala chini na anataka kipae, mwili wake wenyewe huegemea nyuma na mikono huchota kama mwenye kijiko, na matokeo yake fimbo hugonga ardhi kabla ya kipira au hukigonga kipira kichwani. Kuinua si kazi ya mpigaji. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na fundi aliyeulaza uso wa fimbo, na vijishimo vilivyoko juu ya kipira hukisaidia kukaa hewani kinapozunguka.

Kumsahihisha mtu mzima aliyekuwa akinituma dukani nilipokuwa mtoto lilikuwa jambo jingine la kujifunza, na hapa mwanafunzi nilikuwa mimi. Nikiwa na mwenzangu wa rika ningesema "usiinue kichwa," nikasahau. Kwa mjomba sentensi hiyo ilinikwama kooni, nikalazimika kugeuza kila kosa kuwa swali: fimbo imegusa nyasi kabla ya kipira au baada yake? Kipira kimeanza kuelekea wapi kabla ya kupinda? Alijibu, na mara nyingi jibu lilikuwa ndilo dawa, kwa sababu mtu akilazimika kuangalia mahali fimbo ilipogusa, kichwa hubaki chini chenyewe. Ningekuwa nimeanza na kijana ningechelewa sana kuligundua hilo.

Sheria tulizifundishana tukitembea, isipokuwa ile ya usalama ambayo ilitangulia fimbo yenyewe: hakuna kusimama mbele ya anayepiga wala nyuma ya fimbo yake, na kipira kikielekea kwa watu, piga kelele "Foo!" bila aibu. Mengine yalikuja yalipohitajika. Alijifunza kusawazisha mchanga kwa reki alipotoka kwenye mtego wa mchanga, ile sehemu ya mchanga inayowekwa uwanjani kama kikwazo, alijifunza kwamba kipira kilichopotea hutafutwa kwa dakika tatu tu tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019, na alijifunza kwamba mtu anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Yeye hubeba tano, na sioni sababu ya kumwongezea.

Jumapili moja tulikwenda St Andrews, mji wa Uskoti wenye sifa kubwa katika gofu, kwa kuwa nilitaka auone mchezo huu nje ya televisheni. Uwanja wao wa kale haufanyiwi mchezo siku ya Jumapili, ila wakati wa mashindano machache, na siku hiyo wenyeji hutembea humo na mbwa na watoto kama bustani ya umma. Ulikuwa na mashimo 22 hadi mwaka 1764, yalipopunguzwa kuwa 18, na ndiyo idadi iliyofuatwa na dunia nzima. Mjomba alipenda zaidi habari ya mwaka 1457, wakati bunge la Uskoti lilipoupiga marufuku mchezo huu pamoja na kandanda kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde. Alisema serikali ilikuwa na haki.

Mwishoni mwa Agosti tulicheza mashimo tisa kwenye uwanja wa manispaa. Nilikuwa nimemshauri asihesabu mikwaju, kwa kuwa hesabu huwavunja moyo wanaoanza na handikapu (idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili alingane na hodari) ya juu kabisa inayoruhusiwa, 54, ingemsubiri bila haraka. Alikataa. Alikuwa na penseli sikioni na alihesabu kila kitu, hata pale alipokikosa kipira kabisa, baada ya kunibana mpaka nikakiri kwamba sheria huuhesabu mkwaju uliokusudiwa hata kama haukugusa chochote. Shimo la kwanza alimaliza kwa mikwaju 11. La tano, fupi, alifyeka kipira kikaangukia ukingoni mwa grini, akakisukuma kutoka hatua kumi na tano, nacho kikapinda na kuingia. Miwili! Hakuruka wala hakupiga kelele. Alilitazama shimo kwa muda, akainama kuchukua kipira chake, kisha akaandika.

Tulipomaliza alikuwa na 68 na mimi nilijivunia 47 zangu. Aliomba kuiona kadi yangu, akaipitia shimo kwa shimo akisogeza kidole, akarudi kwenye la saba na kuniuliza kama ule mkwaju wangu wa mchangani, uliorusha mchanga peke yake, nilikuwa nimeuandika wapi.