Muhasaba: Tuyahesabu na Mafanikio

Assalaam alaykum, ndugu zangu katika imani.

Hapa Ngamiani, Tanga, hakuna mwenye duka anayefunga mlango jioni bila kuhesabu droo, kuandika waliokopa na kutazama bidhaa iliyokwisha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliifananisha muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake, na biashara ya namna hiyo: akili ndiye mwenye mali, nafsi ni mshirika wake, faradhi ndiyo mtaji, sunna ndiyo faida na maasi ndiyo hasara. Asubuhi nafsi huwekewa masharti, mchana huchungwa, usiku huhesabiwa.

Mimi muuza unga nimekuwa nikifanya hivyo kila baada ya Isha, kwa daftari dogo la mistari. Mwanzoni niliandika makosa peke yake. Jumanne moja nilimkaripia mama mmoja wa Makorora aliyekuja kulipa deni kwa sarafu za mia na za mia mbili, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ananipotezea muda. Usiku nikaandika "hasira", nikaleta istighfari, nikalala. Wiki iliyofuata nikaandika "hasira" tena, na baada yake tena, wala neno lile halikunifundisha kitu.

Ndipo nikaanza kuziandika na siku zilizokwenda vizuri. Alhamisi kijana mmoja alinidai chenji ambayo nilikuwa na hakika nimekwisha kumpa, nami nikamsikiliza mpaka mwisho, tukahesabu pamoja, ikabainika kwamba aliyekosea ni mimi. Nikarudi nyuma, nikausoma ukurasa huo pamoja na ule wa Jumanne. Alhamisi nilikuwa nimeswali Alasiri kwa jamaa msikitini. Jumanne lori lilikuwa linashusha mzigo, nikaichelewesha swala hadi jua likageuka rangi, kisha nikaiswali mbiombio nyuma ya magunia. Mwezi mzima nilikuwa nakata majani, na mzizi uko kwenye swala yangu. Nisingeuona kwa kuyatazama makosa peke yake.

Naamini hapa ndipo wengi wetu tunapopungukiwa. Tukianguka tunaomba msamaha. Tukifanikiwa tunashukuru, na ni vyema, lakini hatuulizi. Katika vita vya Uhud, mwaka 3 Hijria, wapiga mishale 50 wa Waislamu waliwekwa mlimani na kuamriwa wasiondoke, na wengi wao hawakuteremka kwa hofu bali kwa kuuona ushindi, mambo yakawageukia (Qur'ani, Aal Imran, 152). Siku ya vita vya Hunayn, mwaka 8 Hijria, Waislamu walipendezwa na wingi wao, na wingi huo usiwafae kitu (At-Tawba, 25). Tena katika Suratun-Nasr, nusura na ushindi vinapokuja, Mtume (s.a.w.) anaamrishwa kumtakasa Mola wake na kumwomba maghufira.

Sasa kila usiku, kwa jema na kwa baya, najiuliza ni nini kilitangulia, na ni haki ya nani iliyoguswa. Swali hili la pili ndilo zito, kwa sababu haki ya mja haifutwi kwa istighfari ya chumbani. Mwenyewe lazima aombwe radhi. Ijumaa baada ya swala nilikwenda Makorora. Yule mama alinivutia mkeka, akanisikiliza, kisha akasema kwa upole: "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mimi nauza vitumbua, noti nitazitoa wapi?"