Shubiri, kalendula na vipindi 25 vya mionzi

Kemo, yaani dawa za kuua saratani niliyokuwa nayo titini, iliniondolea nywele na nguvu, na kwa hayo nilikuwa nimejiandaa. Kwa ngozi sikujiandaa. Niliambiwa mionzi haiumi, na kweli ukilala pale juu ya meza husikii kitu; mashine inazunguka, inanguruma kidogo, na baada ya dakika chache unavaa nguo zako. Nilipangiwa vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, titi la kushoto pamoja na kwapa. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nawaambia watu wa nyumbani kwamba katika matibabu yote hii ndiyo nafuu.

Wiki ya tatu kukaanza kuwasha. Mimi ni mweusi, kwa hiyo ule wekundu unaotajwa kwenye vipeperushi sikuuona. Nilichoona ni titi kuzidi kuwa jeusi kuliko kifua chote, na joto: nikiweka kiganja ilikuwa kama kugusa paji la mtoto mwenye homa. Wenzangu weusi, hili nalitanguliza kabla ya kutaja dawa yoyote. Anayekuangalia anaweza kuona ngozi bado ni nzima huku wewe unaungua. Sema unavyosikia, usingoje kionekane.

Dada yangu akaniletea jani la mshubiri, alovera kama wengi tunavyoiita. Nilikuwa na hamu ya ubaridi, sikungoja. Nikalikata, nikalipasua, nikajipaka lilivyo, kwapani hadi chini ya titi. Dakika kumi za raha. Usiku nikaamka najikuna, na asubuhi nilikuwa na vipele vidogo vidogo palepale nilipopitisha jani.

Nesi wa kitengo cha mionzi alipoviona aliniuliza kwa upole, "Mama, umepaka nini?" Nikamwambia ukweli. Akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua, maana tunakitamka kila siku: chungu kama shubiri. Uchungu ule hauko kwenye ute mng'avu wa ndani. Uko kwenye maji ya njano yaliyo chini tu ya ganda, na maji hayo huwasha ngozi hata isiyo na tatizo, sembuse iliyokwisha kuchomwa. Anayetaka ute husimamisha jani kwenye kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka yale ya njano yachuruzike yaishe, kisha huliosha, hulimenya na kuuosha ute wenyewe. Na hata hapo, akasema, jani bichi lina vijidudu vyake, na mtu aliyetoka kwenye kemo huenda chembe zake nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, bado ni chache.

Baada ya vipele kutulia nilihamia kwenye jeli ya alovera isiyo na manukato wala alkoholi, nikawa naiweka kwenye friji. Nawaambia kwa dhati: ilinipoza. Nusu saa, pengine zaidi kidogo, na nusu saa hiyo ya usiku ilikuwa na thamani kubwa kwangu. Lakini haikuzuia ngozi kuharibika. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002, wenye wanawake 225, ulilinganisha jeli hii na krimu ya kawaida ya maji, na krimu ya kawaida ndiyo iliyopunguza zaidi kubabuka kukavu na maumivu. Nilipousoma nilisikitika, kwa sababu nilitaka mmea ushinde. Nikaanza kupaka krimu ya kawaida mchana, jeli nikaiachia usiku.

Kalendula nilifika kwayo kwa kuuliza. Ni ua la rangi ya chungwa, lipo kwenye ukoo mmoja na alizeti, kwa hiyo mtu anayedhurika na maua ya ukoo huo awe mwangalifu. Kilichonivutia ni utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2004. Kati ya wanawake 254 waliopigwa mionzi ya titi, ambao ngozi yao iliathirika na mionzi kwa kiwango cha pili au zaidi walikuwa asilimia 41 kwa waliopaka marhamu ya kalendula, na asilimia 63 kwa waliopaka dawa nyingine, trolamini. Ni utafiti mmoja, na miongozo ya kitabibu haijauona kuwa unatosha. Daktari wangu alisoma orodha ya vilivyomo kwenye kopo, akasema nijaribu. Nikapaka kidogo mkononi kwa ndani, nikangoja siku mbili, pakawa shwari.

Marhamu yenyewe ni nzito. Inanata, inashika nguo, na kuisambaza juu ya ngozi inayouma ni kazi. Katika utafiti uleule asilimia 30 ya wanawake walilalamikia upakaji wake. Nilijifunza kuipasha kwanza kati ya vidole mpaka ilainike, kisha kuigusisha bila kusugua. Siku ya pili nikafuta nayo alama za kalamu ambazo wataalamu wa mionzi walinichorea ili mashine ilenge palepale, ikabidi wapime upya. Tangu siku hiyo sikupaka juu ya alama tena. Nilipaka baada ya kipindi, tabaka jembamba, na asubuhi nikaenda ngozi ikiwa safi. Tabaka jembamba halina neno, ila ukijitandika krimu nene kabla ya kulala mezani, kiasi cha mionzi kinachoishia juu ya ngozi huongezeka, yaani unajiunguza zaidi kwa kile ulichokipaka ili ujitibu.

Nadhani kalendula ilinisaidia kifuani, ambako ngozi ilikauka na kubambuka bila kupasuka. Kuwasha kwenyewe hakukutulizwa na mmea wowote. Kulitulizwa na krimu ya mometasoni, ambayo ni steroidi ya kutuliza mwasho, niliyoandikiwa na daktari, na ninajuta niliikataa wiki nzima kwa kuogopa neno steroidi.

Chini ya titi kulikuwa na habari nyingine. Kuna mkunjo pale, jasho halikauki, ngozi inasuguana. Siku ya tano baada ya kipindi cha mwisho, wakati wote nyumbani wanaamini nimemaliza, niliinua titi mbele ya kioo nikaona ganda jeusi limejikunja kama karatasi iliyolowa, na chini yake pekundu, panavuja. Hakuna aliyekuwa amenisisitizia kwamba ngozi huendelea kuwa mbaya wiki moja hadi mbili baada ya mionzi kuisha. Mkono ulienda moja kwa moja kwenye kopo la kalendula. Nikalirudisha. Nikampigia nesi.

Pale palipofunguka sikupaka jani, mafuta wala marhamu. Palisafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, pakafunikwa kwa bandeji laini isiyoganda kwenye kidonda, na nikalala na kitambaa safi cha pamba kimekunjwa chini ya titi ili ngozi isigusane. Baada ya wiki mbili na nusu pakafunga. Ngozi mpya ilikuja nyepesi na yenye rangi hafifu, ikarudia weusi wake polepole. Sasa napaka mafuta ya nazi kwa sababu pale ni pakavu, na nikitoka juani nafunika kifua.

Mwezi uliopita rafiki yangu yuko kipindi cha 18, akaomba nimpe kopo langu lililobaki. Nikamwomba anyanyue mkono anionyeshe kwapa. Katikati ya mkunjo kulikuwa na sehemu ndogo inayong'aa kwa unyevu. Tulikwenda pamoja kwa nesi asubuhi iliyofuata, na kopo nimebaki nalo mimi.