Mgongo ukivunjika, ulizeni na kichwa

Mtu akianguka kutoka juu au gari likipinduka naye akatolewa shingo imevunjika, wote tunakimbilia miguu. Inasogea? Vidole je? Ukimgusa hapa anasikia? Na tuna haki, maana hilo ndo janga linaloonekana kwa macho. Ila ile nguvu iliyovunja shingo haikuishia shingoni, kichwa nacho kilirushwa, ubongo ukajigonga kwenye fuvu, na hapo kuna jeraha la pili ambalo mara nyingi haliandikwi popote kwenye faili.

Mdogo wangu aliumia hivyo, ndo maana nimekuwa nasoma tafiti za hili jambo kila nikipata nafasi, na jinsi ninavyozidi kusoma ndo nazidi kuumia, kwa sababu hiki kitu kinajulikana. Shepherd Center, hospitali ya kule Atlanta, Marekani, walitoa utafiti 2008, wagonjwa 198 wa uti wa mgongo, wakakuta asilimia 60 wana jeraha la ubongo pia. Mengi ni madogo, ndiyo, lakini asilimia 10 ya wagonjwa wote yalikuwa makubwa kabisa. Finland walishafanya wa kwao 2007, kundi dogo la watu 31, wakapata asilimia 74. Alafu Toronto 2014 wakaangalia ni mara ngapi hospitali inashindwa kuligundua hilo jeraha la ubongo, jibu likawa asilimia 58.5, na halikugunduliwa zaidi kwa wale ambao hawakuumia kwenye ajali ya gari. Mi naona ni kwa sababu ukisikia gari unawaza kichwa moja kwa moja, ukisikia kaanguka unawaza mgongo.

Sasa linapoteaje? Kipimo cha fahamu wanachokitumia kila mahali ni kile cha Glasgow cha 1974, alama 3 mpaka 15, wanaangalia macho, maneno na mwili unavyoitikia. Mtu mwenye mpira wa kupumulia kooni hawezi kuongea, kapigwa dawa ya usingizi, mikono na miguu haisogei kwa sababu ya uti wa mgongo, hizo alama unazipataje hapo? CT skani nayo inaweza kutoka safi kabisa wakati nyuzi ndogondogo za ndani ya ubongo zimevutwa na kukatika. Kuna vipimo vya damu vya protini inayovuja ubongo ukiumia, ila protini kama GFAP iko na kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo ikipanda kwa mtu kama huyu huwezi kusema imetoka juu au chini.

Na tiba zenyewe zinaweza kugongana, hili lilinishtua kuliko yote. 1990 utafiti mkubwa wa Marekani ulisema steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya methylprednisolone ikitolewa ndani ya saa 8 inasaidia uti wa mgongo, ikasambaa sana (baadaye ikaja kubishaniwa mno). 2004 ukaja utafiti wa CRASH, dawa hiyohiyo kwa watu zaidi ya 10,000 walioumia kichwa, wakausimamisha kabla ya kufika idadi waliyopanga kwa sababu waliopewa dawa walikufa zaidi, asilimia 21.1 dhidi ya 17.9 ndani ya wiki mbili. Haya, sasa mtu mmoja kaumia kote kuwili na daktari kaambiwa mgongo tu.

Kwa panya pia kuna jambo la ajabu. Watafiti wa California, 2013, waliumiza uti wa shingo upande mmoja pamoja na ubongo. Jeraha la ubongo likiwa upande unaoendesha mkono uleule dhaifu, panya anachelewa kupona, hilo tungelitegemea. Ila ubongo ukiumizwa upande mwingine, ule mkono dhaifu ulipona vizuri zaidi, inaonekana kwa sababu ule mkono mwingine usio na tatizo nao ulipungua nguvu ikabidi panya atumie ule mbovu. Yaani majeraha mawili hayajumlishwi tu kama hesabu, yanaongea, na bado majaribio mengi ya tiba za uti wa mgongo yanawaacha nje watu wenye jeraha kubwa la ubongo ili matokeo yasichanganyike. Nawaelewa kisayansi, lakini basi nani atawafanyia utafiti hawa?

Wodini ndo nililiona hili kwa karibu. Mdogo wangu alifundishwa kujinyanyua kwenye kiti cha magurudumu mara kwa mara asipate vidonda, akafundishwa na mpira wa mkojo, hatua kwa hatua, anaitikia vizuri kabisa, kesho yake kama hajawahi kusikia. Wakamwita mkaidi. Wakasema kakata tamaa. Mpaka nesi mmoja akamuuliza kitu cha kwanza anachokumbuka baada ya ajali ni nini, akataja kitu cha siku kadhaa baadaye, ndo wakashtuka kwamba ubongo nao uliumia. Kuanzia hapo wakabadilisha, hatua moja moja, karatasi ukutani, kengele ya simu, na vitu vikaanza kushika. Hakuwa mkaidi hata kidogo.

Kingine, maumivu ya kichwa. Aliyeumia juu, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda shingoni, kibofu kikijaa tu presha inaweza kuruka ghafla, kichwa kinapwita, jasho linamtoka, na inaweza kuua. Mkishaambiwa ana jeraha la ubongo msije mkakisingizia kichwa tu, mkalisheni wima kwanza, angalieni mpira wa mkojo haujajikunja, legezeni nguo, pimeni presha, muiteni daktari.

Kwa wanaouguza sasa hivi: ulizeni alipoteza fahamu muda gani, kumbukumbu ilirudi lini, ile dawa ya kulegeza misuli ya baclofen inamsinziza kiasi gani maana nayo inapunguza kasi ya akili. Na vile vipimo vya akili vya kuchora na kuandika kwa kasi, kama mikono haifanyi kazi atafeli kwa ajili ya mikono, ombeni vya kujibu kwa mdomo. Vipo.